Majina ya Mbwa wa Mama Lukasi

Upande huu wa Nachingwea, mtu mwenye neno na jirani yake si lazima amfuate mlangoni kugombana. Anafuga mbwa. Lile neno analifanya jina la mbwa, kisha asubuhi na jioni anamwita kwa sauti ya kutosha kuvuka mpaka wa shamba, na mwenye kujijua anajijua. Hakuna wa kwenda kushtaki. Ataenda kusema nini? Kwamba mama fulani kamwita mbwa wake aje ale ukoko?

Kwa desturi hiyo, Albina alikuwa mwanamke wa maneno matatu. Kijijini walimwita Mama Lukasi, kwa jina la mwanawe aliyekuwa seremala Dar es Salaam, na mtu asiyejua maisha yake angeweza kuyasoma kwa mbwa wake. Wa kwanza, dume jekundu lenye kovu puani, aliitwa Semeni. Huyo alipata jina mwaka mumewe Linus alipofariki, watu walipokaa vibarazani wakakubaliana kwamba mjane hawezi kushika mikorosho themanini peke yake, lazima atauza kabla ya msimu. Hakuuza. Wa pili, jike jeusi lenye kifua cheupe, aliitwa Mtachoka. Shemeji zake walikuwa wamekuja mara nne kumshauri kwa upole arudi kwao Masasi, shamba libaki la ukoo. Safari ya tano walifika kwenye kichuguu cha njiapanda, wakasikia mtu anaita, "Mtachokaaa! Mtachoka we!" Wakageuza baiskeli. Wa tatu, Siombi, mwenye sikio lililochanika, alizaliwa mwaka mvua zilipokatika Februari. Mama Lukasi alipita nyumba tatu kuomba mbegu ya mahindi akarudi na pole tatu.

Kipupwe ndicho kilichowafaa mbwa wale kuliko majira yote. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ikishuka na ukungu ukijaa bondeni, watu hujikunyata kwenye mafiga, lakini wao ndiyo kwanza huwa kama wametiwa betri mpya. Kabla hakujapambazuka vizuri walikuwa wameshazunguka nyumba mara kumi, wameshaliburuta fagio hadi kwenye muhogo, wameshagombania pindo la koti la mitumba ambalo Mama Lukasi alilivaa juu ya kanga mbili. Mtachoka alikuwa na ugonjwa wa ndala. Kila asubuhi lazima aibe moja, tena ya kushoto, akimbie nayo mpaka mwisho wa shamba na kurudi nayo kichwa juu, akitaka afukuzwe. Ndiyo maana ndala za Mama Lukasi zilikuwa zinalala juu ya paa la jiko, na wageni waliziona huko wakadhani ni mambo ya mganga.

"Mnanitafutia nini nyie?" alikuwa akifoka. "Nina miaka hamsini na tisa mimi, sina mbio zenu!" Lakini alikuwa akicheka, na mbwa walijua anacheka, kwa hiyo hawakuacha.

Wakimaliza wazimu wao walikwenda naye kazini. Julai ni mwezi wa kupulizia mikorosho salfa, ugonjwa usije ukala maua, na salfa hupulizwa mapema, majani yangali na umande na upepo haujaamka. Obadia, fundi mwenye mashine, alitangulia na mashine yake mgongoni ikinguruma, unga wa njano ukipanda mitini. Mama Lukasi alifuata na mfuko. Mbwa walipita katikati ya unga ule wakibweka na kugaagaa, na jua likichomoza wote watatu walikuwa wa njano kuanzia pua hadi mkia. Julai, mbwa wa kijiji kizima ni wa njano. Wale tu wanaolala kutwa ndio huonekana rangi yao.

Na kazi ilikuwepo. Nguruwe pori walitaka muhogo, ngedere walitaka mbaazi. Huku mbaazi hupandwa katikati ya mahindi. Mahindi yakivunwa Mei, zenyewe zinabaki zimesimama kati ya mabua makavu, zinakaza punje taratibu hadi Agosti. Mwanamke mmoja hawezi kulala shambani miezi mitatu. Mbwa wanaweza. Jirani yake wa upande wa kusini, Mzee Nuhu, hakufuga mbwa. Alikuwa mtu wa swala tano na hakutaka hata wapite uani kwake, jambo ambalo Mama Lukasi aliliheshimu. Ila nguruwe wakiingia kwenye muhogo wa Mzee Nuhu, mzee yuleyule alisimama mpakani akiita, "Mama Lukasi! Hebu niachilie hao wanyama wako!" Nguruwe wakishatimka, alirudi kuwa mtu asiyewajua.

Mwaka huo Mzee Nuhu alipata mgeni. Aliitwa Mahona, Msukuma aliyetoka kanda ya Ziwa na ng'ombe wake, akapita Mbwemkuru, akapita Narung'ombe, kote anaambiwa sogea mbele, mpaka akafika huku na kujenga boma ng'ambo ya kijito. Mzee Nuhu, ambaye mwaka huo hakupanda mbaazi, alimpa ruhusa ya kulisha kwenye mabua yake. Ni shamba lake, ana haki. Lakini hakumpeleka kumwonyesha mpaka. Mpaka wenyewe ni mikorosho miwili na kichuguu, na kama hukuzaliwa hapa huwezi kuuona.

Jumanne asubuhi Mama Lukasi na Obadia walikuwa juu kabisa, mashine inanguruma, wasisikie kitu. Obadia alipoizima ili aongeze salfa ndipo wakasikia mbwa. Hawakuwa wakibweka kama wanavyobwekea ngedere. Mama Lukasi alitupa mfuko akateremka mbio, zile mbio alizosema hana.

Ng'ombe thelathini walikuwa ndani ya mbaazi zake. Walikuwa wamezilaza chini, wanatafuna maganda mabichi kwa utulivu wote, na mbwa watatu wa njano walikuwa wakiwazungukia, Semeni mbele, Siombi pembeni, Mtachoka akiingia na kutoka katikati ya miguu yao kama anatafuta ndala. Walikuwa wakiwatoa. Walikuwa wameshatoa nusu. Ndama mmoja aliyejitenga na mama yake alishtuka, akaruka mfereji, akaanguka vibaya, na mguu wa mbele ukavunjika.

Mahona alifika anahema, fimbo mkononi. Mama Lukasi alimpa yote aliyokuwa nayo, kwa Kiswahili na kwa Kimakua, na mengine kwa mikono. Mahona alitazama mbaazi, akamtazama ndama, akamtazama mama, kisha akainama akambeba ndama begani.

"Pole, mayu," alisema, yaani mama kwa lugha ya kwao, na kuondoka na ng'ombe wake.

Mama Lukasi alibaki amesimama kwenye mbaazi zilizolala. Theluthi ya shamba ilikuwa imekwenda. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akajipangusa kwa pindo la koti, akarudi kumalizia salfa, kwa sababu umande haumngoji mtu amalize kulia.

Jumatano barua ikaja. Aliyeileta ni Amri, mgambo wa kijiji, mtu mzima mwenye watoto wanne, naye aliitoa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa msiba.

"Shikamoo, Mama Lukasi. Mimi nimetumwa tu."

Mama Lukasi alivaa miwani yake yenye mkono mmoja. Barua ilisema kwamba mbwa wazururaji mali yake wamehatarisha mifugo ya mwananchi na kusababisha hasara ya ndama, na kwamba anapewa siku tatu kuanzia tarehe ya barua kuwaondoa kijijini, vinginevyo wataangamizwa na uongozi wa kijiji. Muhuri ulikuwepo. Sahihi ya Edwin, mtendaji wa kijiji, ilikuwepo, ndefu, yenye mkia.

"Wazururaji," alisema Mama Lukasi. Alisoma tena. "Wazururaji! Amri, nieleze wewe uliyesoma mgambo. Nani mzururaji hapa? Mbwa aliyekuwa shambani kwake, au ng'ombe aliyekuwa shambani kwangu?"

Amri alitazama ndala juu ya paa. "Mimi nimetumwa tu, mama."

"Na mbaazi zangu? Ziko wapi kwenye barua hii? Geuza upande wa pili, labda ziko huko."

Upande wa pili palikuwa peupe. Mtachoka akapita mbio na kofia ya Amri mdomoni.

Nataka ieleweke kilichomkera mwanamke huyu. Hakukerwa na kushtakiwa. Watu wanashtakiana kila siku, ndiyo ujirani. Alikerwa kwamba watu wawili walikaa ofisini, wakanywa chai, wakaandika habari ya shamba lake bila kuvuka barabara kulitazama. Ni mwendo wa dakika kumi. Mbaazi zilizolala zinaonekana hata na mtu asiyetaka kuziona.

Alhamisi alikwenda ofisini. Edwin alikuwa kijana wa jaketi, aliyeletwa kutoka mbali, mpole kwa maneno.

"Mama yangu, karibu. Najua umekuja kwa lile suala."

"Nimekuja kuuliza nani aliyeshtaki."

"Ni mwananchi mwema. Alishuhudia mbwa wa njano wakimkimbiza ndama."

"Na hao ng'ombe walikuwa wapi wakati mbwa wanawakimbiza? Hewani?"

Edwin alitabasamu tabasamu la watu wenye kalamu. "Mama, suala la mbaazi ni suala jingine. Hilo liandikie barua yake. Hili ni suala la mbwa. Ila kesho tuna mkutano wa kijiji, unaweza kulisema kwenye mengineyo."

"Kwenye mengineyo," alisema Mama Lukasi.

"Ndiyo, mwishoni."

"Chakula changu cha mwaka ni mengineyo."

"Siku tatu zipo, mama. Hakuna atakayegusa mbwa wako kabla ya Jumamosi. Hiyo ni serikali, tunafuata utaratibu."

Njiani alikutana na rafiki yake Domitila, aliyekuwa amebeba kuni. Domitila aliisikiliza habari yote bila kutua mzigo, kisha akatoa ushauri, naye alikuwa mtu wa ushauri wa haraka.

"Wewe kana tu. Si wamesema mbwa wa njano? Mwezi huu nani mbwa wake si wa njano? Mbwa wa mwenyekiti mwenyewe ni wa njano. Waulize wana uhakika gani, uone watakavyotoa macho."

Ulikuwa ushauri mzuri, na ungemtoa. Mama Lukasi aliufikiria mpaka nyumbani. Aliufikiria akiwa anasonga ugali wa mbwa, akiwatazama watatu wale wamejipanga kwenye majivu ya moto, wanatetemeka kwa hamu tu, si kwa baridi. Akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu, "Mimi nikane? Walifanya kazi niliyowatuma, halafu nikawakane?"

Ijumaa, mkutano uliitishwa saa tisa alasiri kwenye ghala la korosho, ambalo mwezi huo huwa tupu. Mama Lukasi aliamua kuwapeleka mbwa, watu wawaone hao wazururaji. Mbwa wale hawakuwa wamefungwa kamba tangu kuzaliwa. Semeni alikubali kwa heshima ya umri wake. Siombi alilala chini akajifanya amekufa, ikabidi aburutwe hatua kumi za kwanza. Mtachoka aliikata kamba ya kwanza kwa meno, akaikata ya pili, akaichukua ya tatu mdomoni na kukimbia nayo shambani, anageuka kutazama kama anafukuzwa.

"Haya, baki!" alipiga kelele Mama Lukasi. "Baki uchunge mbaazi zilizobaki! Na ngedere nao wakija uwaulize kama wana barua!"

Mtachoka alibweka mara moja na kutokomea kati ya mabua. Mama Lukasi akaziba kitasa cha jiko kwa kijiti, akaondoka na wawili.

Ghala lilijaa. Watu walipisha njia walipoona mbwa, wengine wanacheka, wengine wanavuta pindo za nguo zao. Mzee Nuhu alikaa benchi la mbele akitazama mbele. Edwin alisoma ajenda, akasoma taarifa ya barabara, akasoma taarifa ya vyoo, na alipofika kwenye mbwa Mama Lukasi hakusubiri mengineyo. Alisimama.

"Hawa hapa," alisema. "Huyu Semeni, huyu Siombi, na mwenzao yuko kazini. Ndio waliowatoa ng'ombe kwenye mbaazi zangu Jumanne. Sikani. Msihangaike kutafuta mashahidi. Waliwafukuza, na ndama akavunjika mguu, na roho iliniuma kumwona, kwa sababu ndama hana kosa. Lakini mbwa anayefukuza mnyama shambani kwa bosi wake mnamwitaje? Mzururaji? Mzee Nuhu, nguruwe walipoingia kwako mwezi wa tatu uliniita nikuletee wazururaji?"

Ghala lilicheka. Mzee Nuhu alikohoa.

"Halafu nauliza. Mwenye ndama yuko hapa? Kuna aliyemuuliza?"

Edwin alifunua karatasi, akafunua nyingine. Kwa kweli hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mahona alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, amejifunga shuka kwa baridi. Alisimama taratibu. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta neno moja moja.

"Mimi sikushitaki," alisema. "Nimesikia mbwa watauawa kwa sababu ya ndama wangu. Nimekuja kusikia ni nani kasema. Ndama nilimchinja. Nyama tumekula, na nyingine nilimpelekea Mzee Nuhu. Mimi sina shauri na mbwa."

Watu walimgeukia Mzee Nuhu, mwananchi mwema mwenyewe, ambaye sasa alikuwa akitazama viatu vyake.

"Kosa ni langu," Mahona aliendelea. "Kule kwetu, mahindi yakishatoka shambani, kilichobaki ni cha ng'ombe wa watu wote. Hakuna wa kuuliza. Ile mbaazi mimi niliona ni vichaka tu, vimeota baada ya mavuno."

Hapo ghala lilivunjika. Mtu mzima hajui mbaazi! Wanawake walipiga vigelegele vya kejeli, mzee mmoja alilazimika kuvua kofia ajifutie machozi. Mahona alisubiri. Hakukasirika.

"Mayu huyu alinitukana, na mengi sikuyasikia, lakini niliyoyasikia yalikuwa ya haki. Msimu ukija nitamlimia kwa plau, ng'ombe wangu, jasho langu, mpaka aseme basi. Mbwa muwaache. Mimi nimepita sehemu nyingi, mbwa wanaofanya kazi hivyo nimewaona wachache."

Makofi yalipigwa. Hata Edwin alipiga, mawili, kisha akasema kwamba kwa kuwa mlalamikaji hana malalamiko, uongozi unaiondoa barua ile, na suala limefungwa. Mama Lukasi alikaa chini. Siombi aliweka kichwa juu ya mguu wake. Kwa muda mfupi sana, labda muda wa kuvuta pumzi tatu, alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote kijijini.

Kisha akamwona Amri. Mgambo alikuwa amesimama ukutani, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alimtazama Edwin, Edwin akatazama karatasi. Amri akatoka mlangoni, kwanza kwa kutembea, kisha akaonekana dirishani akikimbia kuelekea kwenye baiskeli.

Mama Lukasi hakuhitaji kuelezwa. Alifungua kamba za mbwa pale pale katikati ya watu na kutoka mbio, na waliokuwa mlangoni walisukumwa bila kuombwa radhi.

Amri alikuwa amepiga magoti kwenye njia ya kuingilia shambani, pale penye mkorosho wa kwanza. Alikuwa na kibuyu cha maji na alikuwa akijaribu kumnywesha, maji yanamwagika pembeni. Mtachoka alilala ubavu, miguu imenyooka kama yuko mbioni. Karibu yake palikuwa na jani la mgomba lenye kipande cha nyama kilichobaki. Semeni alikuja akamnusa, akarudi nyuma, akakaa.

"Niliiweka saa nane," alisema Amri, bila kuinua uso. "Ulipotoka tu. Nilidhani umewaacha wote. Nimetumwa, mama."

"Barua ilisema siku tatu."

"Ndiyo."

"Leo ni ya ngapi, Amri?"

Amri alikuwa akilia, mtu mzima wa watoto wanne, na Mama Lukasi hakupata nafasi ya kumwonea huruma.

Edwin alifika kwa pikipiki, nyuma yake nusu ya mkutano. Alivua kofia, na hilo tumpe. Alisema ni bahati mbaya. Alisema mawasiliano hayakwenda vizuri. Mama Lukasi alirudia swali lake, leo ni siku ya ngapi, na kwa kuwa watu walikuwa wengi na wote walikuwa wakimtazama, Edwin akajikuta anasema kweli.

"Jumamosi nina safari, mama. Kuna harusi ya ndugu yangu kule Ruangwa. Nikaona kazi isije ikalala."

Nimesikia visingizio vingi maishani, vya watu wenye vyeo na wasio na vyeo, lakini hicho kimenishinda. Mbwa aliyefundishwa miaka sita, aliyelinda chakula cha mjane, aliuawa siku moja kabla ili mtu awahi pilau. Na si kwamba alikuwa na roho mbaya. Angekuwa na roho mbaya tungejua pa kumshika. Alikuwa na ratiba.

Mama Lukasi hakumtukana. Waliokuwepo wanasema wangetamani angemtukana. Alivua koti lake, akamfunika Mtachoka, akaagiza jembe. Mahona ndiye aliyelichukua jembe na kuchimba, na Mzee Nuhu, mtu wa swala tano, alisimama pembeni mpaka shimo likafukiwa. Baadaye, watu walipokwenda, Mama Lukasi aliziteremsha ndala kutoka juu ya paa la jiko. Ile ya kushoto aliishika muda mrefu. Tangu siku hiyo ndala zinalala mlangoni, kama za watu wengine wote, na hakuna anayeziiba.

Wiki mbili zikapita. Baridi ilizidi, mikorosho ikaanza kutoa maua, mbaazi zilizobaki zikakauka vizuri. Asubuhi moja Mahona alivuka kijito akiwa na kitu kinachochezacheza ndani ya shuka.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia kwa Kisukuma.

"Marahaba," alijibu Mama Lukasi, maana hiyo ndiyo aliyokuwa nayo.

Alikuwa mbwa mdogo, dume, wa bomani kwake, rangi ya majivu, miguu mikubwa kuliko mwili. Aliwekwa chini, akaanguka, akainuka, akamng'ata Semeni mkia, akakimbia, akajigonga kwenye kinu. Mama Lukasi alimtazama akizunguka nyumba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila sababu yoyote ila baridi.

"Kule kwetu anaitwa kwa rangi," alisema Mahona. "Lakini wewe nasikia huwapa majina yako."

"Ndiyo," alisema Mama Lukasi. "La huyu ninalo."

Barabara ya kutoka nyumba ya mtendaji kwenda ofisini inapita kando ya mikorosho yake ya juu. Kila asubuhi saa moja na nusu Edwin alipita hapo na pikipiki, na kila asubuhi, salfa ikiwa bado hewani, alisikia sauti ya mwanamke inayovuka mpaka wa shamba na mpaka wa shamba linalofuata.

"Siku Tatuuu! Siku Tatu we! Njoo!"

Na mbwa mdogo wa njano alikuja mbio, kila mara, kwa furaha isiyo na kiasi. Wapita njia walikohoa. Watoto wa shule walilijua jina kabla ya kumjua mbwa. Kwenye ghala, mtu akiuliza tarehe ya mwisho ya jambo lolote, kuna aliyeguna. Edwin alijaribu kupita mapema, akakuta mwanamke huamka mapema kuliko yeye. Alijaribu kuzungukia njia ya kijitoni, pikipiki ikazama tope.

Mwishoni mwa Agosti alisimamisha pikipiki kando ya mkorosho wa kwanza. Alizima injini. Siku Tatu alimkimbilia, akaanza kuvuta kamba ya kiatu chake.

"Mama Lukasi, shikamoo."

"Marahaba, Mtendaji."

"Mama, nimekuja kama mwanao. Nakuomba. Huyu mbwa mbadilishie jina."

Mama Lukasi aliuweka mfuko wa salfa chini. Alijifuta mikono kwa kanga, kila kidole kwa zamu yake, akamtazama yule kijana toka kofia hadi kiatu kilichofunguliwa.

"Nitambadilishia," alisema. "Andika barua, uipige muhuri, Amri ailete. Na safari hii, Mtendaji, siku utakazoniandikia, uzingoje ziishe."